Ramu kali nyeupe ya asilimia 63: namna ya kuitia kwenye kokteli bila kuiharibu

Ramu kali nyeupe ya Jamaika haina rangi hata kidogo. Ukiitazama kwenye glasi utadhani maji ya kunywa. Fungua kifuniko, na chumba kizima kitanukia ndizi iliyoiva hadi ganda likatoka madoa, nanasi lililoanza kuchachuka, na kwa mbali kitu kama gundi ya fundi viatu. Watu hukosea mambo mawili wakiipata kwa mara ya kwanza. Wa kwanza huionja kavukavu, ulimi ukaungua, akairudisha kabatini isiguswe tena. Wa pili huchukua maelekezo yaliyoandikwa kwa ramu ya asilimia 40, akamimina kipimo kilekile, na wageni wake wakalewa kabla chakula hakijaiva.

Dawa ya makosa yote mawili ni kuichukulia ramu hii kama pilipili mbuzi. Hakuna anayetia pilipili mbuzi kwa wingi uleule wa hoho, lakini pia hakuna anayeitupa kwa sababu inawasha. Unaipima, unaipa maji na sukari ya kutosha, na harufu yake inatawala sufuria nzima. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipima, kisha vinywaji vitano ambavyo ramu hii inavifaa kweli.

Ramu ipi hasa

Tunazungumzia ramu nyeupe za Jamaika zenye asilimia 63. Inayojulikana zaidi ni Wray & Nephew White Overproof, ambayo nyumbani kwao haikosekani: hunywewa na soda, huchuliwa mwilini mtu akiwa na mafua, na humwagwa kidogo ardhini msingi wa nyumba unapoanza kuchimbwa. Nyingine mbili nzuri ni Rum-Bar Overproof ya Worthy Park na Rum Fire ya Hampden, shamba la zamani lililoko parokia ya Trelawny. Rum Fire ndiyo yenye harufu nzito kuliko zote tatu. Ukiwa nayo, anza na nusu ya kiasi tunachotaja hapa, halafu panda taratibu.

Harufu hiyo haitiwi baadaye kutoka kwenye chupa ya dawa. Molasi ya miwa huachwa ichachuke kwa muda mrefu, kwenye baadhi ya viwanda wiki mbili au zaidi, na pamoja nayo hutiwa mabaki machachu ya ukenekaji uliopita, yaani pale pombe ilipochemshwa na mvuke wake ukanaswa. Vijidudu hufanya kazi, tindikali hukutana na alkoholi, na hapo huzaliwa esta, ambazo ndizo harufu zilezile zilizomo kwenye ndizi na nanasi lenyewe. Mtambo wa chungu cha shaba huzipitisha esta hizo hadi kwenye chupa, tofauti na mtambo mrefu wa mnara ambao ukiendeshwa kwa ukali huzichuja karibu zote. Kwa hiyo pombe yoyote kali isiyo na harufu, hata ikiwa na asilimia 75, haiwezi kushika nafasi ya ramu hii. Itakupa moto bila ladha.

Wala usijaribu kuweka gongo au chang'aa mahali pake. Ukali wa pombe ya kienyeji haujulikani, na hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba haina methanoli, sumu inayopofusha na kuua.

Neno Overproof kwenye lebo limetoka kwenye kipimo cha zamani cha Waingereza, ambacho daraja la 100 lilikuwa sawa na asilimia 57.15 ya alkoholi. Inasimuliwa kwamba baruti iliyoloweshwa kwa ramu ya nguvu hiyo bado ilishika moto. Kinachozidi hapo ndicho kilichoitwa hivyo. Wamarekani wao huzidisha asilimia mara mbili tu, kwa hiyo chupa ileile kwao inasomeka 126. Usichanganyikiwe na namba hizo. Tafuta asilimia, maana ndiyo utakayoifanyia hesabu.

Hesabu kabla ya kumimina

Zidisha mililita kwa asilimia, gawa kwa 100, utapata mililita za kilevi chenyewe. Ramu ya kawaida mililita 60 kwa asilimia 40 ina kilevi mililita 24. Ili upate 24 hizo kutoka kwenye ramu ya asilimia 63, unahitaji mililita 38 tu. Ukitaka njia ya mkato: chukua theluthi mbili ya kipimo kilichoandikwa, ipunguze kidogo tena. Kwa waliozoea konyagi ya asilimia 35, mililita 30 za ramu hii ni sawa na mililita 54 za konyagi. Yaani kinachoonekana kipimo kimoja kwenye glasi ni karibu viwili tumboni.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulisahau. Ukipunguza kutoka 60 hadi 38 umeondoa pia mililita 22 za ujazo, na karibu zote zilikuwa maji. Usipoyarudisha, ndimu na sukari zitabaki bila kitu cha kuzibeba, na kinywaji kitakuwa kifupi, kizito, kichungu puani. Kwa hiyo kila unapobadilisha ramu ya kawaida kwa kali, rudisha mililita 15 hadi 20 za maji baridi. Wahudumu wengi huona aibu kutia maji kwenye kokteli mbele ya mteja, kana kwamba wanamwibia. Si wizi. Maji ndiyo yanayoifungua harufu. Kilevi kikizidi kinaganzisha ulimi, na ndizi yote uliyoilipia inapita bila kuonekana.

Vipimo vya baa, ile toti tuliyoizoea, havilingani kila mahali: kwingine 25, kwingine 30, na vingine vimechakaa hata mstari hauonekani. Kwa ramu ya asilimia 40, kosa la mililita 5 utalivumilia. Kwa hii utalisikia. Kama huna kipimo cha kuaminika, nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yake. Lina mistari, ni rahisi, na linapima ndimu na shira pia.

Kuonja

Mimina mililita 10 kwenye glasi, ongeza mililita 10 za maji ya kawaida yasiyo baridi. Sasa iko karibu asilimia 31. Tazama glasi dhidi ya mwanga wakati maji yanaingia: utaona nyuzinyuzi zinajisokota, kama joto linavyotetemeka juu ya lami saa saba mchana. Hayo ni maji na alkoholi ambavyo bado havijashikana, na ndiyo sababu kinywaji cha ramu kali kisichokorogwa vizuri kina tabu ya sehemu moja kali na nyingine maji matupu.

Nusa ukiwa umeacha midomo wazi kidogo, pua ikiwa juu ya ukingo, usiitumbukize ndani. Kunywa tone. Tafuta ndizi, nanasi, nyasi iliyokatwa, pengine mzeituni. Chochote unachokipata hapo ndicho utakachokijengea kinywaji. Ukipata ndizi zaidi, ndimu na kungumanga vitakaa nayo vizuri. Ukipata ukali wa majani, nenda na balungi au tangawizi.

Shira, ndimu, barafu

Shira ni gramu 200 za sukari kwenye mililita 200 za maji ya moto, korogeni hadi iwe angavu, ipoe, iingie friji. Inakaa wiki mbili hadi tatu. Usitie sukari kavu moja kwa moja kwenye ramu hii. Sukari inayeyuka kwenye maji, na alkoholi kali haiitaki: itazama chini ya kikorogeo, kile chombo cha chuma cha kutikisia kokteli, kama mchanga, na utaongeza nyingine ukidhani haikutosha, kisha mnywaji atakuta yote kwenye tone la mwisho. Kama huna shira, yeyusha sukari ndani ya maji ya ndimu kwanza, ramu ifuate.

Ndimu tunayomaanisha ni ile ndogo ya kijani, si limau la njano. Moja nzuri inatoa mililita 15 hivi. Ibingirishe mezani kwa kiganja kabla ya kukata. Usiikamue hadi ganda litoe mlio, kwa sababu nyama nyeupe ya ganda ina uchungu, na ramu kali huukamata uchungu huo na kuukuza. Maji ya ndimu ya jana hayafai hapa.

Barafu iwe ngumu na kavu, vipande vikubwa. Ya kusaga unaipata kwa kufunga vipande kwenye kitambaa safi na kuvitwanga kwa mchi.

1. Daikiri ya kufundishia mkono

Hiki ndicho kinywaji cha kuanzia, kwa sababu hakina mahali pa kuficha kosa. Kuna njia mbili, na tunapendelea ya kwanza kwa asilimia mia moja, hata kwa waliobobea.

Njia ya kwanza inachanganya ramu mbili: mililita 30 za ramu nyeupe ya kawaida ya asilimia 40, mililita 20 za ramu kali, mililita 25 za ndimu, mililita 20 za shira. Kilevi chake ni mililita 24.6, sawasawa na daikiri ya kawaida, lakini harufu yote inatoka kwenye hizo 20.

Njia ya pili ni ya ramu kali peke yake: mililita 38 za ramu, 15 za maji baridi, 25 za ndimu, 25 za shira. Ona kwamba shira imepanda. Ramu hii haina utamu wowote wa pipa wala wa kuongezwa, na ukali wake unaifanya ndimu ionekane chachu kuliko ilivyo.

Hatua ni hizi:

1. Weka glasi kwenye friza angalau dakika kumi.
2. Tia ndimu na shira kwenye kikorogeo kwanza, ramu mwisho. Ukikosea kipimo cha ndimu, utakuwa hujapoteza ramu.
3. Jaza barafu theluthi mbili, funga, tikisa kwa nguvu. Ramu ya kawaida ingetosheka na sekunde 10 hadi 12. Hii ipe 15. Chuma kikiota ukungu mweupe na vidole vikaanza kuuma, umefika.
4. Chuja mara mbili, chujio la kikorogeo na kile cha chai chini yake, ili vipande vya barafu visiendelee kuyeyuka ndani ya glasi.
5. Tia matone mawili ya maji ya chumvi, yaliyotengenezwa kwa gramu 20 za chumvi kwenye mililita 80 za maji. Hutasikia chumvi. Utasikia uchungu umetulia.

Sasa onja kwa makini. Kikikuchoma puani kabla ya kufika ulimini, kimekosa maji: kirudishe, tikisa sekunde tano zaidi. Kikiwa kichachu na katikati kitupu, ongeza mililita 5 za shira. Kikiwa kitamu lakini kinanata, usipunguze shira mara inayofuata kabla hujajaribu ndimu mbichi zaidi, kwa sababu mara nyingi ndimu ndiyo iliyokuwa imechoka. Na kikiwa kinanukia gundi bila tunda, ramu imezidi. Hilo halitengenezeki kwa kitu kingine ila kwa kuongeza ramu ya kawaida.

2. Ramu na balungi, glasi ndefu

Jamaika, ramu hii hunywewa zaidi na soda ya balungi iitwayo Ting. Pasipo na soda hiyo, balungi la sokoni linafanya kazi nzuri. Kwenye glasi ndefu tia mililita 40 za ramu, 60 za maji ya balungi, 10 za ndimu, 20 za shira, koroga, kisha jaza barafu na umalizie kwa mililita 90 hivi za soda isiyo na ladha.

Mpangilio una sababu. Ramu ya asilimia 63 ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo ukiimimina mwisho itakaa juu, na mnywaji atapigwa na fundo la kwanza kisha amalizie soda tupu. Itangulie yenyewe, soda iishukie, halafu inua kijiko kirefu kutoka chini mara moja tu. Ukikoroga sana gesi inaondoka.

3. Punchi ya watu kumi

Karibiani wana kanuni ya punchi ambayo mtoto wa baa huimeza kabla hajajifunza kingine: moja chachu, mbili tamu, tatu kali, nne hafifu. Ni kanuni nzuri, ila kwa ramu ya kawaida. Ukiifuata na ya asilimia 63, bakuli linakuwa karibu asilimia 19, nguvu inayozidi ya divai, tena ikinywewa kwa kasi ya juisi. Hapo ndipo sherehe nyingi huharibikia.

Kwa ramu kali, sema moja chachu, mbili tamu, mbili kali, tano hafifu. Kwa glasi kumi za mililita 150: ndimu mililita 150, shira 300, ramu 300, na 750 za kitu hafifu. Nguvu yake inakaa karibu asilimia 12 na nusu kabla ya barafu kuyeyuka, na kila glasi ina kilevi cha kipimo kimoja kizuri, si viwili.

Hafifu isiwe maji matupu. Chukua nusu juisi ya nanasi iliyochujwa, nusu chai ya rangi iliyopoa, isiyo kali. Chai inaleta ukakasi unaoshika utamu usizagae. Changanya kila kitu saa mbili mapema bila barafu, weka friji. Wakati wa kuhudumia tumia bonge moja kubwa la barafu lililogandishwa kwenye bakuli, si vipande vidogo vinavyokwisha kwa robo saa kwenye joto la pwani. Kwangua kungumanga juu ya kila glasi, palepale, si mapema, kwani harufu yake inapotea upesi. Matone mawili ya Angostura, kile kiungo kichungu cha baa kiuzwacho kwenye kichupa, kwa kila glasi yanafaa.

Kama unataka tui la nazi kwenye punchi, badala ya chai, usimimine ramu kali juu ya tui. Litakatika, na utaona vipande vyeupe vikielea. Changanya tui na juisi na shira kwanza hadi vishikane, kisha ramu iingie kidogokidogo huku unakoroga.

Mwambie kila mgeni kilichomo, hasa anayeendesha gari au pikipiki. Punchi hii haina ladha ya kilevi chake, na ndiyo hatari yake. Jagi la maji liwe mezani tangu mwanzo.

4. Falernamu, mahali karafuu ya Pemba inapokutana na Barbados

Hiki si kinywaji bali ni shira yenye viungo, asili yake Barbados, na tunakishauri kuliko vyote vingine kwenye mwongozo huu. Ndani yake mna karafuu, tangawizi, maganda ya ndimu na lozi. Mtu wa Unguja au Pemba ana vitu hivyo karibu vyote hatua chache kutoka mlangoni, tena vibichi kuliko vile vinavyofika kwa mfanyabiashara wa London.

Ramu kali inahitajika hapa kwa sababu ya kazi. Mafuta ya karafuu na ya ganda la ndimu hayayeyuki kwenye maji, yanayeyuka kwenye alkoholi. Ramu ya asilimia 40 ina maji zaidi ya nusu, kwa hiyo inachota kidogo na polepole. Ya 63 inachota kwa siku moja.

Utahitaji: ramu kali mililita 200, karafuu kavu 30, zisizidi, lozi gramu 30, tangawizi mbichi gramu 40, iliyokatwa nyembamba, maganda ya ndimu nane, kijani tu, na shira nzito ya gramu 400 za sukari kwa mililita 200 za maji.

Karafuu ichague kwa ukucha: bonyeza kichwa chake, na ikiwa nzuri utaona mafuta yanajitokeza na ukucha utang'aa. Isiyotoa kitu imekaa dukani miaka, na itakupa uchungu wa mti bila harufu.

Siku ya kwanza, kaanga lozi kavu hadi zinukie, zitwange kidogo. Karafuu zipashe kwenye kikaango hichohicho dakika moja, moto mdogo. Ziache zipoe kabisa, kisha zitie pamoja na lozi kwenye chupa ya kioo, mimina ramu, funga. Isiwe chupa ya plastiki, maana alkoholi ya nguvu hii inachukua ladha ya plastiki, na hutaiondoa tena. Acha saa 24.

Siku ya pili, ongeza tangawizi na maganda ya ndimu, acha saa 12 tu. Watu wengi hutia kila kitu pamoja siku ya kwanza, na ndiyo sababu falernamu zao zina uchungu wa dawa ya kikohozi. Ganda la ndimu hutoa harufu mapema na uchungu baadaye. Karafuu nayo ikikaa siku tatu inaganzisha ulimi, kama vile unapoiuma kwa ajili ya jino.

Baada ya hapo chuja kwa kitambaa cha kuchujia tui, kamua kwa upole. Changanya na shira iliyopoa. Itageuka ukungu papo hapo, kama maji yaliyotiwa tone la maziwa. Haijaharibika: nguvu ya alkoholi imeshuka na mafuta yamejitenga. Tikisa chupa kila unapotumia. Iache siku moja ndipo uionje. Ina nguvu ya asilimia 18 hivi na inakaa friji mwezi mzima, ingawa harufu ya ndimu ni bora wiki mbili za mwanzo.

Kinywaji chake: ramu kali mililita 30, falernamu 20, ndimu 20, kwenye glasi iliyojaa barafu ya kutwanga. Shika kijiko kirefu katikati ya viganja viwili, kisokote kama mtu anayewasha moto kwa kijiti, hadi glasi iote ukungu nje. Ongeza barafu juu, Angostura matone manne, na tawi la nanaa ulilolipiga kofi mara moja.

5. Choya ya Krismasi

Ua jekundu ambalo Dodoma huitwa choya na wengine huita rozela, Wajamaika hulifanya kinywaji cha Krismasi na huwa hakikamiliki bila ramu hii. Chemsha maji lita 2, zima, tia gramu 100 za choya kavu, gramu 60 za tangawizi iliyopondwa, karafuu sita na kipande cha ganda la chungwa. Funika hadi kesho yake. Chuja, tia sukari gramu 300, koroga iyeyuke. Ramu mililita 200 iingie hapo tu, kikiwa kimepoa kabisa na mbali na jiko. Ukiitia ikiwa moto, harufu inapanda na mvuke, na mvuke huo unawaka.

Moto, kuhifadhi, kusafiri

Ramu ya asilimia 63 hutoa mvuke unaoweza kushika moto chini kidogo ya nyuzi 25. Maana yake, mchana wa Dar es Salaam au Mombasa haihitaji kupashwa: glasi iliyo wazi karibu na mshumaa tayari ni hatari. Usimimine kamwe kutoka kwenye chupa kuelekea mwali. Moto hupanda kwenye mkondo hadi ndani ya chupa, na chupa hurusha mwali mbele kwa aliyeketi upande wa pili. Anayetaka kuchoma nusu ya ndimu juu ya glasi apime mililita 5 kwenye kijiko, afunge chupa, aiweke mbali, ndipo awashe. Mwali wake mchana hauonekani vizuri. Zima kwa kufunika kwa sahani, usipulize. Sisi tunaona ladha haipati faida ya kutosha kulipia hatari hiyo.

Chupa isimame, isilazwe, kwani alkoholi kali hula kizibo cha gamba. Friza la nyumbani haliigandishi, ila baridi hiyo hulaza harufu, kwa hiyo kabati lenye giza ni bora zaidi.

Ukiileta kutoka safarini, kanuni za usafiri wa anga zinaruhusu hadi lita 5 kwa abiria kwa pombe ya asilimia 24 hadi 70, ikiwa kwenye chupa zake za dukani zisizofunguliwa. Inayozidi 70 hairuhusiwi kabisa, na ndiyo sababu kiwanda cha River Antoine kule Grenada, ambacho ramu yake kuu ina asilimia 75, huwauzia wasafiri nyingine ya 69. Ukiipata hiyo, rudi kwenye hesabu: mililita 24 gawa kwa 0.69, unapata 35.